Njia Iliyoanguka Mtoni

Ukingo ulianguka asubuhi, watu wakiwa ndio kwanza wanakoka moto, na kishindo chake kilisikika Mitapani nzima. Mwanaarusi aliacha uji jikoni akakimbilia ukingoni. Alimkuta mumewe, Buya, amesimama na panga mkononi, akitazama maji mekundu ya Tana yakiichukua migomba yake na mikungu yake kuipeleka upande wa Kau. Safu mbili nzima zilikwenda. Pamoja nazo ilikwenda njia.

Njia ile ndiyo iliyokuwa uhai wa watu wa pale. Mashamba ya Mitapani yamekatwa vipande virefu vyembamba, kila kipande kinaanzia mtoni na kuishia bwawani, na kila mtu ana nyumba yake ndani ya kipande chake. Njia ilipita juu ya ukingo, penye udongo mkavu, ikivuka shamba baada ya shamba hadi Minjila na Garsen. Kila mwenye kipande alifyeka kipande chake. Mto ukila ukingo, njia ilisogea ndani: mwenye shamba alikata migomba yake kwa mkono wake, akawapa watu pa kupita, akanyamaza. Mto ulikwisha kula kwa karibu kila mtu, na kila mtu alinyamaza kwa zamu yake. Ilipofika zamu ya Buya, Buya hakunyamaza.

Watu walikusanyika kama ilivyo desturi, wasimame wamwone mwenyewe akikata. Tuneya, mjane wa shamba la upande wa juu, alikuja amejifunga kaniki kiunoni. Kotile wa upande wa chini naye alikuja, na nyuma yake akafika Katana, yule Mgiriama aliyelima mwisho wa mashamba ya upande huo, akikokota baiskeli iliyopakiwa tenga la maembe. Baiskeli ilikuwa hiyo moja tu. Mtu akizidiwa na homa, ni Katana aliyempakia nyuma akamfikisha kwa dresa wa zahanati kule Garsen jua halijawa kali.

"Pole, Bwana Buya," Katana alisema. "Sasa tutapita wapi?"

"Pita mtoni. Si ndiko ulikoipeleka njia?"

"Mimi?"

"Gurudumu lako hilo! Linachora mfereji, mvua inaingia mferejini, maji yanashuka chini, ukingo unapasuka. Tangu nizaliwe watu wanapita hapa kwa miguu na ukingo umekaa. Umekuja wewe na chuma chako, haya tazama."

"Na kwangu uliangushwa na nini?" Tuneya alidakia. "Siku hizo baiskeli tulikuwa hatuijui. Nikakata migomba yangu, na wewe ukawa wa kwanza kupita."

"Kwako ulianguka wenyewe. Kwangu umeangushwa. Aliyeangusha alete shamba lake watu wapite."

Mwanaarusi aliinamisha kichwa akatazama vidole vyake vya miguu. Aliijua habari nzima. Kiangazi kilichopita Buya aling'oa matete yote ya ukingoni, majani na mizizi, apate nafasi ya safu moja zaidi ya migomba, na yeye Mwanaarusi ndiye aliyeyatupa mtoni, mzigo baada ya mzigo. Mtoto wa Mitapani hata kabla hajajua kuogelea ameshaambiwa kuwa matete hayang'olewi, ndiyo yanayoshika udongo. Buya alijua. Lakini alikuwa ameutazama ule ukingo mwaka baada ya mwaka, akaona ardhi nzuri inakaliwa na majani, uroho ukamzidi.

"Hapa hapana njia tena," Buya alisema, akageuka kwenda kukata miba.

*

Uzio wa miba ya mgunga ulisimama siku hiyo hiyo, kutoka mtoni hadi bwawani, pande zote mbili za kipande. Waliotaka kuvuka sharti wazunguke nyuma, ndani ya bwawa, maji ya magoti, tope la kunuka, ruba na konokono. Mzee wa kijiji alipeleka malalamiko kwa chifu. Chifu akajibu kwamba maji yakipungua atakuja kuona.

Maji hayakupungua. Katana aliitundika baiskeli chini ya upenu, maembe yake yakaoza. Wazee waliozoea kutembea hadi Minjila kila wiki kuongea na wenzao sasa walikaa vibarazani wakinuniana. Wanawake walitoka bwawani na nyama nyeupe kati ya vidole, ngozi ikimenyeka. Watoto, ambao bwawa kwao lilikuwa mchezo, walianza kukojoa damu, na mama zao wakilitaja jina la Buya hawakulitaja kwa heri. Tuneya alikuwa na mpunga wake upande wa Kotile, hivyo alivuka bwawa kwenda na kurudi, mwanamke wa mvi, kaniki imelowa hadi kiunoni.

Buya mwenyewe alipita pakavu. Kwake alikuwa na kijimlango katika uzio, na mbele ya uzio njia ya wenzake ilikuwepo kama kawaida. Alipita asubuhi akaenda Garsen, akarudi jioni na viatu vyake vya raba vikavu, akasalimia. Hilo la kusalimia ndilo lililowauma zaidi.

Siku moja Mwanaarusi alitoka na kapu la mchele kichwani, anakwenda dukani. Alimkuta Tuneya amesimama mpakani, mikono kiunoni.

"Rudi, Mwanaarusi."

"Nirudi wapi, dada?"

"Bwawani. Tunakopita sisi."

"Mimi sikufunga njia, dada Tuneya."

"Unalala na aliyeifunga. Rudi."

Mwanaarusi alijaribu kucheka, akadhani ni utani wa kupita. Tuneya hakucheka. Nyuma yake, katika shamba la pili, mtu mwingine alikuwa amesimama vilevile, na la tatu vilevile. Hawakuweka hata mwiba mmoja, walisimama tu. Upande wa Kotile ikawa hivyo hivyo. Mwanaarusi alishuka bwawani na kapu lake, akahisi tope linamshika nyayo, na machozi yakamtoka kwa hasira ambayo hakujua amwelekeze nani.

"Watachoka," Buya alisema jioni, akimenya ndizi. "Mtu hawezi kusimama mpakani mwaka mzima."

"Na sisi tutaweza kutembea bwawani mwaka mzima?"

"Wewe upo upande wa nani?"

Mwanaarusi aliinamia miguu yake. Alikuwa akijipaka mafuta ya simsim katikati ya vidole, na moto wa ngozi yake ulimtosha kwa jioni ile.

*

Buya naye alizuiwa mipakani, akavua viatu vya raba, akatembea bwawani kama wengine. Alitembea kwa fahari, akipiga maji makusudi, na kwa kuwa alikuwa anawaangalia watu asiangalie anapokanyaga, akajigonga kwenye kisiki kilichozama. Muundi ulichanika. Akaufunga kwa kipande cha kanga, akasema si kitu, na kesho yake akaingia tena katika maji yale yale ili watu wamwone kuwa si kitu.

Jeraha liligeuka rangi. Mguu ulivimba, ukang'aa, mtoki ukamsimama kinenani akawa hawezi hata kukaa. Homa ilimpanda akaanza kutetemeka chini ya mashuka mawili katika jua la adhuhuri. Harufu ilipoanza kusikika mlangoni, Mwanaarusi alijua kuwa mguu huu, wasipoufikisha kwa dresa, utamwondoa mtu mzima pamoja nao.

Kwanza aliomba mtumbwi. Kupandisha mtumbwi hadi Garsen mto ukiwa umejaa kunataka wanaume wanne wenye pondo la kusukumia na mikono ya kweli. Alizunguka nyumba kwa nyumba, kwa njia ya bwawa. Mmoja bega lilikuwa linamuuma. Mwingine alikuwa anangoja mgeni. Kotile alisema pondo lake limepasuka, na pondo lenyewe lilikuwa limeegemea ukuta nyuma ya mgongo wake, zima, limepakwa mafuta. Mwanaarusi alilitazama pondo, akamtazama Kotile. Kotile naye akamtazama bila haya.

"Basi Mungu akuponyee pondo lako," akamwambia, akaenda zake.

Akabaki Katana.

Alimkuta uani, anatia mafuta mnyororo wa baiskeli isiyokwenda popote. Mkewe, Kadii, alikuwa anatwanga. Alimwona Mwanaarusi akitoka bwawani, maji yakimchuruzika, na mchi haukusita. Hakumpa kigoda.

"Hodi jamani."

"Umeshafika," Kadii alisema.

"Bwana Katana, mume wangu anakufa."

"Tumesikia."

"Nakuomba umfikishe kwa dresa."

Katana alizungusha gurudumu kwa kidole, akasikiliza likizunguka. Alikuwa mtu mpole kwa kawaida, na upole ule ulipokosekana usoni mwake Mwanaarusi aliogopa kuliko angepigiwa kelele.

"Mama, baiskeli haiogelei. Nikimpakia mgonjwa bwawani ataanguka, jeraha litaingia tope, atakufa. Halafu mtasema nini? Mtasema Mgiriama amemuua."

"Nitafungua njia."

"Bwana wako amekubali?"

Mwanaarusi alikamua pindo la kanga lililolowa. Mchi ulisita. Kadii alitaka kusikia jibu.

"Na lile neno je?" Katana aliendelea. "Alilisema mbele ya watu. Sasa hata njia ikifunguliwa, wenye mashamba wa kule juu watanishusha. Watasema, teremka, gurudumu lako linaangusha ukingo. Mimi nakula kwa baiskeli hii. Watu wanapona kwa baiskeli hii. Neno lile lilipandwa pale shambani kwake, ling'olewe pale pale."

"Ataling'oa nani? Mtu hajijui hajitambui."

"Mimi sichagui wa kuling'oa. Ling'oke tu, nitakuja."

"Na uende upesi," Kadii aliongeza, akanyanyua mchi. "Siyo kwamba tunakufukuza. Tunakuonea huruma kwa hayo maji."

*

Alianza na uzio. Miba ya mgunga iliyokauka haina adabu. Ilimchana viganja, ikamchana mapaja, na aliivuta hivyo hivyo akaitupa mtoni. Kisha akashika panga akaingia kwenye migomba. Ilikuwa migomba aliyoipanda yeye, Buya alichimba tu. Pigo la kwanza lilizama, maji ya mgomba yakamrukia usoni.

Kutoka ndani ya nyumba sauti ilitoka, nyembamba, imekauka.

"Nani anakata migomba yangu?"

"Mimi."

"Mwanaarusi! Weka panga chini!"

Mgomba wa pili ulianguka.

"Nitakuacha! Wallahi nakuacha leo!"

"Niache ukiwa na miguu miwili," alijibu, akahamia wa tatu.

Watu walisogea, kwanza watoto, halafu watu wazima, wakapanga mstari kwenye mipaka yote miwili. Hakuna aliyevuka kumsaidia. Desturi ilikuwa wazi: kila mtu hukata kwake, na mkono wa jirani hauingii. Lakini desturi ile ile ilizoea kuja na maneno ya pole na kata ya maji ya kunywa, na siku ile havikuja. Walimtazama tu anavyotweta.

"Panua hapo," Tuneya alisema kutoka mpakani. "Aliyepakiwa baiskelini miguu yake hutoka nje."

Mwanaarusi alipanua. Alifyeka mpaka njia ikakutana na njia ya Tuneya upande huu na ya Kotile upande ule. Mikungu ilikuwa imetapakaa chini, mibichi, ya chakula cha miezi. Alipoinua kichwa alimwona Katana amesimama nyuma ya Kotile, ameshika usukani wa baiskeli, gurudumu la mbele limegusa mpaka. Halikuvuka.

Mwanaarusi alifuta uso kwa mkono uliojaa utomvu. Alijua kwamba mlango wa nyumba uko wazi na mumewe anasikia.

"Sikilizeni," alisema. "Ukingo huu haukuangushwa na gurudumu. Matete tuliyang'oa sisi. Buya aling'oa, mimi nikayatupa mtoni. Tulitaka safu moja zaidi. Katana hana kosa, baiskeli yake haina kosa."

Hakuna aliyeshangaa. Hilo ndilo lililomchoma. Alikuwa amelibeba lile neno kifuani kama kaa la moto tangu siku ya kwanza, na sasa amelitoa, na watu hawakushtuka hata kidogo.

"Matete yalipita kwangu yakielea," Kotile alisema taratibu. "Mizizi juu. Wote tuliyaona. Tulikuwa tunangoja mtwambie."

Katana alivusha baiskeli.

*

Walimpakia Buya kwenye kiti cha mizigo cha nyuma, mguu mbovu ukanyooshwa na kufungwa kwenye fito. Alifumba macho tangu mlangoni. Mwanaarusi alidhani ni maumivu, kisha akaona kope zinavyobanwa, akafahamu kuwa hataki kuiona njia. Katana alikanyaga, tairi likaacha mstari wake mmoja mwembamba kwenye udongo mpya, na Mwanaarusi akafuata kwa miguu, mbio na mwendo, mwendo na mbio. Mipakani watu walisogea pembeni. Walimpisha mgonjwa, salamu hawakuitoa.

Dresa wa Garsen aliitwa Tom, kijana wa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi, asiye na subira na mtu. Aliinama juu ya mguu akakunja pua.

"Mnatoka wapi?"

"Mitapani."

"Tena? Huko kwenu kuna nini siku hizi? Watoto mnaniletea mkojo wa damu. Wanawake vidole vimeoza. Sasa huu. Zamani mlikuja hapa na homa zenu kama watu wengine. Mnatembea majini kwa nini, nchi kavu imekwisha?"

Katana alitazama dirisha. Mwanaarusi alitazama sakafu. Buya alifumba macho.

"Mngechelewa kidogo ningeukata," Tom alisema, akachukua sindano.

Buya alichomwa penisilini siku nyingi. Usaha ulitoka, kisha damu safi, kisha nyama ikaanza kujaa. Mwanaarusi alipika nyuma ya zahanati, akafua vitambaa, akalala barazani pamoja na wauguzaji wengine. Lori la serikali lilikuwa linapita kuelekea Hola likiwatimulia vumbi kwenye vyungu. Siku zote hizo Buya alimwambia maneno mawili. La kwanza lilikuwa "maji." La pili lilikuwa "chumvi."

Siku ya kuruhusiwa Tom alimfunga bendeji mpya nyeupe hadi gotini, akamwinulia kidole.

"Jeraha halijafunga. Likiingia maji ya bwawa, usirudi kwangu na mguu. Rudi na jeneza. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Katana alikuwa nje na baiskeli, amekuja bila kuitwa. Buya alimpita kama anavyopita nguzo, akaegemea fimbo yake, akaanza kutembea.

*

Walitembea kutwa, yeye mbele, Mwanaarusi nyuma na mzigo wa vyombo kichwani. Njia ilikuwa kavu na imefyekwa vizuri. Walikutana na wanawake wa Mitapani wanakwenda dukani, na wazee wawili wanatoka Minjila wakibishana kwa furaha, na vijana wakamwamkia Buya kwa adabu. Hata Tuneya, aliyekuwa anapalilia, aliinua mkono. Ilikuwa kama ugomvi umekwisha. Mwanaarusi alianza kupumua.

Kwenye mpaka wa Tuneya, Buya alisimama.

Mbele yake shamba lake lilikuwa limekatwa kati, na kwenye ule mkato udongo ulikwisha kuwa mgumu kwa nyayo. Zilionekana nyayo za watoto, nyayo za wakubwa, na mstari wa gurudumu katikati yake. Mwisho wa mkato, mlango wa nyumba yake ulionekana, hatua chache tu.

"Twende basi," Mwanaarusi alisema. "Tumefika."

"Hapa nilisema hapana njia."

"Buya."

"Nilisema mbele ya watu. Wewe ndiye uliyesema mengine." Aligeuka, fimbo ikatafuta mteremko wa bwawani.

"Dresa amesema usiloweshe mguu! Umesikia kwa masikio yako!"

"Dresa hana shamba hapa."

Tuneya alikuwa ameacha jembe. Kotile upande wa pili alikuwa amesimama. Mwanaarusi alimtazama mumewe akiteremka kwa shida, akishika matawi, uso umekunjamana. Aliona mguu mzima ukiingia majini, kisha bendeji ile nyeupe ikifuata. Hakuwa amewahi kumchukia mtu hivyo. Alikuwa amemkatia migomba yake, amejivua nguo mbele ya majirani, amekimbia nyuma ya baiskeli hadi Garsen kwa ajili ya mguu ule.

Hakumfuata. Alishika njia, akavuka shamba kwa miguu mikavu, akaingia ndani, akatua mzigo, akakoka moto, akateleka maji. Yalikuwa yamekwisha kuchemka na kupoa alipomsikia Buya akitoka bwawani nyuma ya nyumba, akihema. Alikaa kizingitini. Bendeji ilikuwa nyeusi na konokono mmoja mdogo alikuwa ameng'ang'ania pindo lake. Akaunyoosha mguu mbele yake, kama alivyozoea, auguzwe.

Mwanaarusi aliweka beseni la maji na chumvi kando yake.

"Maji hayo," akamwambia. "Mguu ni wako."

Kisha akachukua panga nyuma ya mlango, akatoka. Kwa siku zile alizokuwa Garsen nyasi zilikuwa zimeanza kuota kando ya njia, na kufyeka kipande kile sasa ilikuwa zamu yake. Alianzia mpakani kwa Tuneya.